Kitenzi tunakijua, kihusishi kinachokifuata ndicho kinachotuangusha: tujadili "come down", "pick up" na wenzake

Mwalimu wa Jioni, Moshi

Wanajukwaa, nawasalimu. Nafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Moshi, na wengi wa wanafunzi wangu ni wapagazi wanaotaka kuwa waongozaji wa watalii Mlima Kilimanjaro, madereva wa magari ya wageni, na vijana wa mapokezi katika hoteli. Naleta mada moja tu, nayo ni ile hali ya Kiingereza ambapo kitenzi hufungamana na neno dogo kama "up", "down", "off" au "out" na kupata maana mpya, kisha nyuma yake hufuata kirai kihusishi kama "from the gate" au "with her guide". Vitenzi hivyo darasani kwangu tunaviita vitenzi vyenye mkia, na mkia ndilo hilo neno dogo. Wanafunzi huvikariri kwa orodha ndefu na hujibu mtihani vizuri, lakini wakienda kazini wanakosea palepale mkia unapokutana na kihusishi.

Nieleze tukio lililonifanya nianze kulifundisha jambo hili kwa namna nyingine. Msimu mmoja, mwongozaji msaidizi aliyekuwa kambi ya Barafu na kundi la wageni alituma ujumbe wa simu alfajiri: "Client came down with altitude sickness at Barafu." Sentensi hiyo haina kosa hata moja. Mtu wa zamu ofisini, ambaye Kiingereza chake si kibaya, aliona "came down" akaelewa kwamba mgeni ameshuka, kisha akaona "with altitude sickness" akaelewa kwamba ameshuka akiwa na ugonjwa wa mwinuko. Akatuma gari lango la Mweka saa mbili asubuhi, wala hakuona haja ya kupandisha watu wa kusaidia kubeba machela. Mgonjwa wakati huo alikuwa bado yuko Barafu, zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari, na lango la Mweka liko chini ya mita 1,700. Waliokuwa naye ndio waliomshusha kwa kupokezana, wakafika langoni jioni. Alipona, namshukuru Mungu, lakini saa zote zile msaada ungeweza kuwa njiani.

Sasa tutazame sentensi mbili kwa karibu. Ya kwanza ni "She came down with her guide", na ya pili ni "She came down with malaria". Kwa macho zinafanana neno kwa neno isipokuwa mwishoni, lakini kwa muundo ni ndugu wa mbali sana. Katika ya kwanza, "came down" imemaliza maana yake yenyewe, yaani alishuka, na "with her guide" imeongezwa ili kutuambia alishuka na nani. Katika ya pili hakuna mtu aliyeshuka popote. Maneno "came", "down" na "with" yameshikana kama mafiga matatu, na ukiondoa moja chungu kinaanguka, kwa sababu ni yote matatu kwa pamoja yanayosema kwamba mtu amepatwa na maradhi.

Ninawapa wanafunzi majaribio mawili. La kwanza ni kuondoa kirai. Ukisema "She came down" ukaishia hapo, je, habari uliyobaki nayo ni ileile iliyopungua kidogo, au imekuwa habari nyingine? Kwa yule aliyeshuka na mwongozaji wake, habari ni ileile. Kwa mgonjwa wa malaria, habari imegeuka kabisa. Jaribio la pili ni kuchomeka kitu katikati, nalo ndilo ninalolipenda zaidi. Ukisema "She came down to Mweka with her guide", maana inabaki salama. Ukisema "She came down to Mweka with malaria", papo hapo umemfanya mgonjwa ashuke mlima kwa miguu, kwa sababu "to Mweka" imeingia kati ya mkia na kihusishi na kuvunja mshikamano wao.

Kwa nini jambo hili linatusumbua sisi zaidi? Naamini sababu iko katika lugha yetu. Kiswahili huuweka mwelekeo wa mwendo ndani ya kitenzi chenyewe: tunapanda, tunashuka, tunaingia, tunatoka, tunavuka. Mwingereza anatumia kitenzi chepesi kama "go" au "come" na kuuachia mkia kazi ya kuonyesha upande. Tena sisi tuna kauli ya kutendea, ambayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya vihusishi vyao. Mtu akihama, anatoka mahali, na akihamia, anaingia mahali pengine. Anayekimbia anaweza kuwa anakimbia tu, lakini anayekimbilia ana anakokwenda. Kiambishi kimoja kinatosha. Kwa hiyo tunapofika kwenye Kiingereza, tunalikamata neno la kwanza kwa nguvu kwa sababu kwetu ndilo linalobeba mzigo wote, na hayo madogo yanayofuata tunayaona kama vumbi.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wanaokutana na wageni kila siku.

Dada wa Mapokezi, Arusha

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi, na kila siku naandika barua pepe kwa wageni. Kuna sentensi mbili zinazoniletea mabishano na mwenzangu wa zamu. Ya kwanza ni ile ya kufungia barua, ambayo mimi huandika "We look forward to welcome you", na mwenzangu anasisitiza iwe "We look forward to welcoming you". Ya pili ni "cope up with", ambayo nimeisikia tangu shuleni, na mgeni mmoja mzee kutoka Uingereza aliniambia kwa upole kwamba haipo. Nimekaa nikijiuliza itakuwaje isiwepo wakati "keep up with" ipo.

Mwalimu wa Jioni, Moshi

Marahaba dada. Mwenzako yuko sahihi katika la kwanza. Tatizo liko kwenye "to", kwa sababu Kiingereza kina "to" mbili zinazofanana kwa sura. Moja hutangulia kitenzi, kama katika "We want to welcome you", na nyingine ni kihusishi halisi, kama katika "We walked to the gate". Katika "look forward to" tunayo ile ya pili, na kihusishi hutaka jina au kitu kinachosimama kama jina, ndiyo maana kitenzi kinachofuata huvaa umbo la "welcoming". Ukitaka kujua ni "to" ipi uliyo nayo, weka jina mahali pa kitenzi. Unaweza kusema "We look forward to your visit" bila shida yoyote, ambapo huwezi kusema "We want to your visit". Jina likikubali kukaa, andika "welcoming", "hearing", "meeting". Utaona "get used to" nayo ni hivyohivyo: mgeni anayezoea baridi ya kambi ya Shira "gets used to sleeping in the cold".

Kuhusu "cope", mgeni wako alisema kweli. Kitenzi hiki kinatembea na kihusishi "with" peke yake, hakina mkia. Ule "up" tumeuongeza wenyewe Afrika Mashariki, na kosa hili linasikika pia kwa watu wa nchi nyingine wanaotumia Kiingereza kama lugha ya pili. Chanzo chake naona ni hicho ulichokitaja: tumezizoea "keep up with", "catch up with" na "put up with", na sikio linadhani "cope" ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo andika "cope with the altitude", lakini "keep up with the group". Hizi mbili mlimani husemwa karibu karibu, na maana zake zinatofautiana: ya kwanza ni kuhimili, ya pili ni kwenda sawa na wenzako bila kuachwa nyuma.

Dereva wa Usa River

Mwalimu, naheshimu elimu yako, lakini nina pingamizi. Miaka yangu yote barabarani kati ya uwanja wa KIA na Arusha nimesema "I will pick you at six" na "I will drop you at the hotel", na sijawahi kumwacha mgeni hata mmoja. Ofisi zetu zinaandika hivyohivyo. Kama kila mtu kuanzia hapa mpaka Nairobi anasema "pick me", kwa nini tuambiwe kwamba tunakosea? Lugha si ya anayeitumia?

Mwalimu wa Jioni, Moshi

Kaka, pingamizi lako lina uzito, na sitaki kulipita juu juu. Kati yetu sisi, "pick me at the stage" ni lugha iliyokomaa, inaeleweka, na sioni faida ya kumsahihisha mtu anayempigia mwenzake simu kutoka Sakina. Katika "drop you at the hotel" hata Mwingereza hatashtuka, kwa kuwa "drop" bila "off" hutumika huko pia. Lakini "pick" peke yake, kwa msikilizaji wa nje, ni kuchagua au kuchuma, kama mtu anavyochuma buni kule Machame. Atakuelewa kwa kuwa anakuona una gari na kibao chenye jina lake. Mahali ambapo hatakuona, yaani kwenye maandishi, usimpe kazi ya kukisia.

Hapa kuna jambo tamu la muundo ambalo ningependa tulitazame. Tuseme unataka kumwambia mgeni utampokea langoni saa kumi na mbili. Utasema "I will pick you up from the gate at six." Angalia mpangilio: kitenzi, kisha mtendwa, kisha mkia, ndipo vinakuja virai viwili, cha mahali kwanza na cha wakati baadaye. Mtendwa akiwa kiwakilishi kifupi kama "you", "him" au "it", ni lazima akae katikati ya kitenzi na mkia, na "pick up you" haikubaliki kabisa. Akiwa jina la kawaida, una hiari: "pick the bags up" na "pick up the bags" zote ni sawa. Lakini jina likiwa na maelezo marefu, mkia usiachwe mbali, kwa sababu msikilizaji atachoka kuusubiri. Ukiandika "Pick the four guests who missed the morning flight from Zanzibar up from the airport", nusu ya njia mtu amesahau kwamba kulikuwa na "pick". Vuta "up" karibu: "Pick up the four guests who missed the morning flight from Zanzibar". Hata hapo bado kuna hatari, kwa maana ukiongeza "from the airport" mwishoni unakuwa na "from" mbili zinazogombana. Mimi ningekata sentensi mbili.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa barabara, fikiri pia kuhusu kushuka garini. Kwetu kuna neno moja, nalo likivaa kiambishi linataja na mahali: "Nashukia Mnara wa Saa." Mwingereza hushuka kwenye basi kwa "get off", lakini kwenye gari dogo hutoka kwa "get out of". Basi ni chombo cha kukanyagia na kusimama ndani yake, gari dogo ni chombo cha kuingia na kukaa, na vihusishi vinafuata picha hiyo. Abiria wa daladala atasema "I get off at the Clock Tower", ambapo "off" ni mkia na "at" inaanza kirai huru. Akisema "I get off the bus at the Clock Tower", sasa "off" imeshika "the bus" na kufanya kazi ya kihusishi. Neno ni lilelile, ila limebadilisha kazi kwa sababu ya kile kilichokaa nyuma yake. Ndiyo maana siamini katika kumkaririsha mtu orodha isiyo na sentensi.

Mgumu wa Machame

Mwalimu shikamoo, mimi ni mmoja wa wanafunzi wako wa jioni, nabeba mizigo mlimani na mwakani nataka kusomea uongozaji. Nina maswali mawili. Kwanza, sijui lini niandike "into" kwa neno moja na lini niandike "in to" kwa maneno mawili, na hali ni hiyohiyo kwa "onto" na "on to". Pili, si swali bali ni la moyoni. Wageni wakiongea haraka jioni kwenye hema la chakula, napotea katika hayo maneno madogo na kujiona sina akili, ingawa maneno makubwa kama "acclimatization" nayajua.

Mwalimu wa Jioni, Moshi

Marahaba kijana wangu. Nianze na la moyoni. Mwaka 1755, Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza kule London, aliandika katika dibaji yake kwamba vitenzi vinavyogeuzwa maana kwa kufuatwa na neno dogo ndivyo vinavyowaletea wageni wa lugha hiyo ugumu mkubwa kuliko wote, na mifano aliyoitoa ni ya kama "come off", "fall on" na "break off". Aliyesema hivyo ni mwenye lugha, tena mtunga kamusi. Kwa hiyo usijipime akili kwa jambo hili. Neno kubwa kama "acclimatization" lina maana moja popote unapolikuta, nalo linakusubiri. Haya madogo yanabadilika kulingana na jirani.

Kuna msaada mmoja wa kusikiliza, maana sikio lako ni zuri. Mkia kwa kawaida hutamkwa kwa uzito, na kihusishi kinachofuata hupita chepesi. Mgeni akisema "I gave it up at Stella Point", utasikia "up" ikikanyagwa na "at" ikiteleza. Jioni kwenye hema usijaribu kukamata kila kitu. Kamata kitenzi na kile kineno kilichokanyagwa, kisha acha kirai kikujie chenyewe, kwa sababu mara nyingi kinataja mahali au saa ambavyo tayari unavijua kuliko mgeni.

Sasa swali la kwanza. Andika maneno mawili pale ambapo "in" au "on" ni mkia wa kitenzi, na "to" inaanza kirai chake yenyewe. Mtu akiokota simu njiani na kuikabidhi kwa askari wa hifadhi, "he handed it in to the ranger", kwa sababu kitenzi ni "hand in" na "to the ranger" inatuambia alikabidhiwa nani. Ukiunganisha "into" hapo, simu umeiingiza ndani ya mwili wa askari. Lakini mpagazi anayeingia hemani "goes into the tent", neno moja, kwa kuwa hakuna mkia, kuna kuingia tu. Vivyo hivyo, kundi lililopumzika Karanga kisha likaendelea "went on to Barafu", maneno mawili, maana "go on" ni kuendelea na "to Barafu" ni mwisho wa safari. Aliyepanda juu ya mwamba wa Barranco "climbed onto the rock", neno moja.

Kwa mazoezi, chukua siku yako ya tatu ya njia ya Machame, ile ya kupanda mpaka Lava Tower na kushuka kulala Barranco ili mwili uzoee. Iandike yote kwa sentensi mbili za Kiingereza, uziweke hapa.

Mgumu wa Machame

Nimeandika hivi, Mwalimu: "In the morning we set off from Shira, went up to Lava Tower for lunch and came down to Barranco in the afternoon. One client could not keep up with us, so we slowed down for him and he caught up at the camp." Pia nimejaribu kuandika upya ule ujumbe wa Barafu uliousimulia mwanzoni: "Client has come down with altitude sickness. We are still at Barafu. We are setting off to Mweka gate now. Send a stretcher team up to meet us and pick us from the gate in the afternoon."

Mwalimu wa Jioni, Moshi

Ile ya Lava Tower sina la kugusa. Umeacha "with us" baada ya "caught up", na umefanya vyema, kwa sababu tumeshajua ni nani aliokuwa akiwafuata. Kirai hicho ni cha lazima kwa maana, lakini kinaweza kunyamaza kikiwa kimeshatajwa.

Katika ujumbe wa pili kuna marekebisho mawili madogo. Andika "setting off for Mweka gate", kwa kuwa "set off" hupenda "for" inapotaja unakoelekea, kama vile "leave" inavyosema "leave for Arusha" na si "leave to Arusha". Kisha rudisha mkia wa dereva wetu: "pick us up from the gate". Sentensi iliyonifurahisha kuliko zote ni "We are still at Barafu", ambayo haina kitenzi chenye mkia wala mtego wowote, na ingetosha yenyewe kulizuia lile gari lisiondoke saa mbili.

Na kwa ujumbe wa dharura, ningeiondoa hata hiyo "has come down with" ingawa umeiandika sawasawa. Anayesoma anaweza kuwa amekesha, au mtandao ukakata neno. Andika "Client is sick", halafu taja mahali mlipo.